Ati kompyuta za ex-UK zina kufuli la siri linalokula RAM na kukwamisha video? Naomba ukweli

#1 Mwalimu_Butere, Jumatatu saa 2:10 usiku

Hamjambo. Shule yetu imepata kompyuta 20 za mezani za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, wazazi walichanga mpaka zikatosha. Zinawaka, nashukuru. Lakini kuna mambo matatu yananinyima usingizi. Zimeandikwa RAM, ile kumbukumbu ya kazi, ni GB 4, nikichungulia ndani naambiwa inayotumika ni 3.2. Diski imeandikwa GB 500, mashine inasema 465. La tatu ndilo linaloniuma: nikichomeka projekta na kuonyesha video ya somo, mashine sita zinakwamakwama, picha inasimama huku sauti inaenda. Zile 14 hazina neno, na zote ni modeli moja.

Fundi aliyetuuzia anasema kuna chipu iliyowekwa na wenye filamu huko ng'ambo ili watu wasinakili kazi zao. Hiyo chipu ndiyo inakula RAM na diski, na projekta ikichomekwa inaamka. Wanafunzi walikuwa wamesimama hapo wakasikia. Sasa darasa zima linasema kompyuta zetu zina jini, na mzazi mmoja amenipigia simu kuuliza kama pesa yake ilinunua mtambo wa kupeleleza watoto. Nataka nimjibu kwa jambo ninalolielewa mwenyewe.

#2 FundiKibuye

Karibu mwalimu. Diski ni hesabu tu. Anayeuza anahesabu kwa elfu, kwake GB 500 ni baiti 500,000,000,000. Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo gigabaiti yake moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya, utapata 465 na ushee. Hakuna aliyekula kitu. Hata diski mpya ya TB 1 itakuonyesha 931, uwe Butere ama Tokyo.

RAM nayo, angalia kama uliwekewa Windows ya biti 32. Hiyo inajua anwani 4,294,967,296 basi, ambazo ni GB 4 kamili. Sasa kadi ya picha, kadi ya mtandao na BIOS (programu ya kuwashia mashine) nazo zinataka anwani ndani ya hizo hizo. Ni kama vibanda hapa sokoni Kibuye: namba zikishagawiwa zote, wewe uliyekuja na bidhaa zako utakaa nazo nje. RAM yako ipo, imekosa kibanda.

#3 BintiNjoro

Naongezea kwa #2. Hata ukiweka ya biti 64 hutaona 4 kamili, maana hizo mashine hazina kadi ya picha ya kando, picha inakopa kwenye RAM hiyo hiyo. Mwalimu, fungua Resource Monitor, sehemu ya kumbukumbu. Utaona mstari mrefu wa rangi, na mwanzoni kabisa kipande cha kijivu. Hicho cha kijivu ndicho kimetengewa vifaa. Piga picha uturushie.

#4 Ja_Kondele

Wakubwa, msimzike fundi wa watu akiwa hai. Kufuli LIPO. Linaitwa HDCP, Intel ndiyo iliyolibuni, na linapita kwenye HDMI. Kompyuta na projekta zinaamkuana kwa siri kabla picha haijatoka, kila kifaa kimepewa funguo 40, kila ufunguo biti 56. Projekta isipoitikia vizuri, picha inakataliwa ama inashushwa ubora. Mwalimu mwenyewe amesema mambo yanaharibika projekta ikichomekwa. Mnataka ushahidi gani tena?

#5 BintiNjoro

Omera, maamkuzi hayo yapo, lakini mwenye filamu ndiye anayeyadai: Blu-ray, ama zile filamu za kulipia mtandaoni. Mwalimu, video yako ilitoka wapi? Kama ni faili ya MP4 kwenye fleshi hakuna anayedai chochote. Tena kufuli likikataa utaona skrini nyeusi au picha hafifu. Picha kusimama na sauti kuendelea, hiyo ni mashine iliyolemewa.

Na ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja Septemba 2010, Intel wakakiri kwamba ni ufunguo halisi.

#6 Mwalimu_Butere

Niliirekodi mwenyewe kwa simu, nimeiegemeza kwenye jicho la darubini. Ni seli za ngozi ya kitunguu. Hakuna Hollywood hapo.

#7 MzeeMenengai, Jumatatu saa 4:35 usiku

Vijana, ninyi mnabishania kufuli lisiloonekana. Mimi nililishika kwa mkono.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa hesabu hapa Nakuru, kwa wafanyabiashara wa nafaka ambao sitawataja. Programu ya hesabu ilikuja na kidude cha plastiki cheupe, urefu wa kiberiti, chenye meno 25 upande mmoja na matundu 25 upande wa pili. Unakichomeka nyuma ya kompyuta mahali pa printa, kisha printa unaichomeka mgongoni mwake. Ukikitoa, programu inagoma. Bosi alikuwa anakifungia kwenye sefu kila Ijumaa pamoja na hundi.

Aprili moja radi ikapiga. Kompyuta ilipona. Printa ilipona. Kidude kikaungua, ukikinusa kinanuka kama waya wa pasi. Tulikaa wiki tatu na vitabu vya hesabu vyote ndani ya diski yetu wenyewe na hatuwezi kuvifungua, mpaka kidude kingine kilipokuja kwa ndege. Wakulima wakawa wanangoja malipo mlangoni, na mimi ndiye niliyekuwa dirishani. Kuna mama alitoka Subukia mara nne. Tulikuwa tumelipia ile programu kwa haki, risiti ninayo hata leo, na bado tuliadhibiwa kama wezi.

Kwa hiyo mtu akiniambia kufuli ndani ya mashine ni porojo, simkubalii haraka.

#8 Nyar_Dunga

Pole Mzee. Langu ni dogo lakini ni la jamii hiyo. Dada yangu wa Leicester alinitumia DVD za mafunzo ya ushonaji, za kununua dukani. Kuziweka kwenye laptopu, linatokea dirisha dogo: sahani hii ni ya eneo la 2, kifaa chako ni eneo la 5, ungependa kubadilisha? Umebakiza mara 4. Nikabadilisha. Jioni mtoto akaweka katuni ya eneo la 5, akabonyeza ndiyo. Mimi tena. Siku niliyokuja kusoma lile dirisha vizuri, limeandika imebaki mara 1. Nilimpelekea fundi mmoja afute Windows aweke upya, akanilipisha, nikawasha, bado mara 1.

#9 FundiKibuye

Huyo fundi alikula pesa yako bure. Ile hesabu haimo kwenye Windows, imo ndani ya kile kisomaji chenyewe. Tangu mwaka 2000 visomaji vya DVD vya kompyuta vinatengenezwa hivyo, unaruhusiwa kubadilisha mara tano, kisha kinaganda kwenye eneo la mwisho. Kenya ni eneo la 5, Uingereza ni la 2, Afrika Kusini nayo ikawekwa la 2. Kufuli la kweli kabisa, limo kwenye chuma. Lakini halikuli RAM hata chembe.

#10 Ja_Kondele

Asante Nyar_Dunga. Sasa tuna makufuli mawili ya kweli. Nani alisema jini?

#11 Msomaji_Maseno, Jumanne saa 1:20 asubuhi

Habari za asubuhi. Swali la mwalimu lina historia ndefu. Mwishoni mwa 2006 Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland aliandika uchambuzi mkali kuhusu ulinzi wa filamu ndani ya Windows Vista. Hoja yake ilikuwa gharama: kwamba kila mtu analipia kufuli, hata asiye na filamu hata moja. Draiva, zile programu zinazoendesha vifaa, zichunguze vifaa hivyo kila mara, picha ishushwe ubora kwa makusudi. Kuna jambo alilolitaja ambalo lilinigusa: vifaa vilitakiwa kutoa ishara ya hatari vikiona kitu kisicho cha kawaida, hata umeme kuyumba. Hebu fikiria hapa kwetu, stima inavyocheza mvua ikianza kunyesha Luanda. Mashine ingeona wezi kila jioni.

Microsoft walijibu Januari 2007. Walikubali kwamba ulinzi unatumia nguvu ya prosesa, ila wakasema ni pale tu unapocheza kitu kilicholindwa. Waliompinga Gutmann walisema alitegemea nyaraka bila kuipima Vista yenyewe. Mimi nimezisoma pande zote na naona Gutmann alikuwa na haki kuuliza nani analipa, ingawa mengi aliyoyahofia hayakuonekana kwenye mashine za watu.

Lakini sikilizeni hili. Agosti 2007 watu waligundua kwamba Vista ikicheza muziki, kunakili faili kupitia mtandao kunapungua kasi vibaya sana. Kila mtu akapiga kelele: kufuli! Aliyeeleza ni Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows. Ilikuwa ni kipangaji cha kazi ndani ya Vista, kilichowekwa ili sauti isikatike. Muziki ukicheza, mtandao unaruhusiwa pakiti 10 kwa kila milisekunde, basi. Mzigo ulikuwepo, watu hawakuuota. Walikosea tu jina la mhusika.

#12 FundiKibuye

Huyo Russinovich si ndiye aliyekamata ile chipu ya Sony?

#13 BintiNjoro

Ndiye, lakini haikuwa chipu, fundi wangu. Ilikuwa programu kwenye CD za muziki za Sony BMG, mwaka 2005. Ukiweka CD kwenye kompyuta inajipenyeza na kujificha, faili yoyote yenye jina linaloanza na $sys$ haionekani. Kisha inakagua programu zinazoendeshwa kila baada ya sekunde mbili, hata kama CD umeitoa na kuirudisha kabatini. Huo ndio mzigo wa siri wa kufuli ulioshuhudiwa waziwazi, na ulikuwa ndani ya programu tupu.

#14 MamaCyber_Kakamega

Mulembe. Mnakumbuka ile ya "Windows inakuibia asilimia 20 ya intaneti"? Enzi za XP kila mteja alikuwa anaingia kwangu na karatasi, ati nimbadilishie mpangilio apate kasi. Nilibadilisha kwenye mashine zote nane. Nikapima kwa saa ya ukutani, ukurasa ule ule, kabla na baada. Hakuna tofauti. Baadaye nikaelewa kwamba ile nafasi inatengwa tu programu maalumu ikiiomba, isipoombwa iko huru kwa wote.

Lakini kuhusu kupelelezwa, mwalimu, usimjibu mzazi haraka. Mwaka jana nilinunua laptopu ya ex-UK, safi. Nikaweka Windows upya. Kuunganisha Wi-Fi tu, ikanikaribisha kwa jina la kampuni ya huko kwao na kunitaka barua pepe ya kazi. Mwili ulisisimka.

#15 BintiNjoro

Mama, hiyo laptopu mwenyewe wa kwanza hakuiondoa kwenye orodha yake. Kampuni zinasajili alama za kifaa kwa Microsoft, ikiwekwa Windows upya na kupata mtandao inamkumbuka mwenyewe. Aliyekuuzia awatafute waifute. Na zipo laptopu zenye moduli ya Computrace ndani ya BIOS, hiyo ni ya kutafuta mashine zilizoibiwa, inaishi hata ukibadilisha diski. Mwalimu aingie BIOS ya kila mashine, sehemu ya usalama, aone kama imewashwa. Hiyo naiunga mkono. Mzazi ana haki ya kuuliza.

#16 Ja_Kondele

Na Management Engine hamtaji? Ndani ya karibu kila chipuseti ya Intel tangu 2008 kuna kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, ina prosesa yake, na inatwaa kipande cha RAM yako. Za karibuni zinaendeshwa na MINIX, mfumo mdogo wa uendeshaji, mpaka Andrew Tanenbaum aliyeiandika akawaandikia Intel barua ya wazi mwaka 2017. Kwenye mashine nyingi, ukiifuta yote, kompyuta inajizima baada ya dakika 30. Mei 2017 Intel walitangaza tundu la usalama mle. Sasa niambieni mimi ndiye mwenye ndoto.

#17 FundiKibuye

Huna ndoto, kijana. Lakini ni RAM kidogo sana, na inakaa kwenye mashine zote 20. Kwa nini sita tu zikwame?

#18 Ja_Kondele

Hapo umenishika.

#19 Fundi_Bungoma

Nimesoma uzi wote. Niwape kisa cha wiki hii. Mteja kaleta laptopu, inatambaa kama kinyonga. Amebadilisha diski, ameongeza RAM, wapi. Nikaangalia kasi ya prosesa imekwama chini kabisa, haipandi hata ukiifanyisha kazi. Nikamwomba chaja. Ilikuwa ya barabarani. Kuna laptopu ambazo chaja yake ina sindano nyembamba katikati, hiyo inabeba utambulisho tu, haina kazi nyingine. Ikivunjika au chaja ikiwa ngeni, laptopu inakataa kuchaji betri na inajipunguza kasi yenyewe. Nilichukua kioo cha kukuzia nikamwonyesha: sindano imelala upande, imepinda kama mguu wa panzi. Nikampa chaja yangu, mashine ikaruka.

Watengenezaji watasema ni usalama, chaja dhaifu isiungue. Ni kweli kwa kiasi. Lakini mbona mashine haimwambii mwenyewe wazi kwamba imejipunguza? Huyo mteja ni mwandishi wa barua hapa stendi, alipoteza miezi miwili ya kazi. Hilo ndilo linaniudhi.

#20 MzeeMenengai

Umesema vyema. Hata kidude chetu hakikusema kimeungua. Programu iliandika tu "hitilafu" na namba.

#21 Mwalimu_Butere, Alhamisi saa 3:05 usiku

Nimerudi, nimekagua zote 20, tulibaki shuleni mimi na wavulana wawili wa kidato cha tatu. Matokeo: mashine 11 zina Windows ya biti 32, tisa ni biti 64. Hizo za 64 zinaonyesha kumbukumbu kubwa zaidi, kama #3 alivyosema, na kile kipande cha kijivu tumekiona. Kwa hiyo mawili ya kwanza nimeridhika.

Zile sita sasa. Nne ni biti 32, mbili ni biti 64. BIOS: Computrace haijawashwa popote. Mzazi nimempigia, amefurahi. Lakini kukwama kuko palepale.

#22 FundiKibuye

Fungua hizo sita uangalie vumbi. Butere na Mumias masizi ya miwa iliyochomwa yanaingia kila mahali, niliwahi kufungua mashine ya huko feni imevaa koti jeusi. Prosesa ikipata joto inajipunguza.

#23 BintiNjoro

Joto lingekwamisha hata bila projekta. Mimi nashuku draiva ya picha. Kama hizo sita zinatumia draiva ya jumla, prosesa inafanya kazi yote ya picha, na skrini ya pili ikiongezwa inazidiwa. Tena simu za siku hizi nyingi zinarekodi kwa H.265, mbinu ya kubana video, na mashine za Intel za kabla ya 2015 hazina sehemu ya kuifungua hiyo kwenye chuma.

#24 Fundi_Bungoma

RAM ziko ngapi ndani? GB 2 mbili ni tofauti na GB 4 moja, picha inayokopa RAM inaumia ikiwa kipande ni kimoja. Wauzaji wanachanganya.

#25 MamaCyber_Kakamega

Na waya? Projekta ya shule ni ya VGA, ule waya wa picha wa zamani, sivyo? Unatumia kile kiadapta?

#26 Msomaji_Maseno

Sasisho za mwaka 2018 za kuziba Meltdown na Spectre, mianya ya usalama ndani ya prosesa, zilipunguza kasi ya mashine za zamani hasa. Labda sita zilisasishwa, 14 hazikusasishwa. Na kama ni Windows 10 mkumbuke msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na mashine za umri huo hazitakubaliwa.

#27 Ja_Kondele

Hilo la TPM ndilo kufuli kubwa kuliko yote! Mashine nzima inayofanya kazi inafungiwa mlango kwa sababu ya chipu moja.

#28 Nyar_Dunga

Weka Linux basi, ule mfumo wa bure badala ya Windows, mwalimu. Na nani ana kisomaji cha DVD cha eneo la 2 cha kubadilishana? Niko Dunga.

#29 Mwalimu_Butere, Jumamosi saa 11:40 jioni

Tumeshinda nayo leo. Vumbi lilikuwepo kweli, tumetoa. Draiva: tatu kati ya sita zilikuwa na ile ya jumla, tumeweka ya kwake, hizo tatu zinacheza. Moja ilikuwa na RAM ya kipande kimoja, tumebadilishana na mashine ya ofisini, nayo inacheza, ingawa siku hiyo hiyo tulikuwa tumeisafisha, kwa hiyo sijui nimshukuru #22 au #24.

Mbili zimekataa. Draiva ni sahihi, RAM vipande viwili, feni safi. Nikizibadilishia adapta zinacheza dakika nne hivi, halafu seli za kitunguu zinaganda.

#30 BintiNjoro

Dakika nne zile zile kila mara, au inabadilika?

#31 Mwalimu_Butere

Sikushika saa. Jumatatu nitashika.

#32 Ja_Kondele

Na ujaribu ukiwa umeichomoa kabisa kwenye stima usiku kucha kwanza. Mwalimu, unitag.